Jino la mwanangu limeota kombo, nimng'oe?

MamaBinti: Wakuu, naombeni ushauri. Binti yangu ana miaka 9. Jino la mbele la juu limeota limegeuka ubavu, na nyuma yake kuna kajino kamechongoka kama msumari. Wenzake wanamcheka. Nataka yang'olewe yote mawili. Kuna madhara?

FundiMkuu: Ng'oa tu. Mimi langu walilifunga uzi kwenye kitasa cha mlango, na leo natafuna mifupa.

BibiSalama: Peremende hizo. Watoto wa sasa mswaki hawashiki mpaka wafokewe.

NuruNjema: Dada, jino la pembeni yake lipo? Na alizaliwa na tatizo lolote la mdomo?

MamaBinti: La pembeni halijaota. Alizaliwa na mdomo wazi, na kaakaa pia. Alishonwa zamani, akapona. Sioni meno yanaingiaje hapo.

NuruNjema: Yanaingia sana, mimi nilizaliwa hivyo hivyo. Mpasuko hupita hadi kwenye mfupa wa ufizi, na kushona mdomo na kaakaa kwa kawaida hakuzibi pale. Ndiyo maana jino la pembeni upande huo mara nyingi halipo kabisa, au linaota la ziada, na mengine huchelewa. Kwenye miaka 8 hadi 11 hivi hupandikizwa mfupa, mara nyingi kutoka nyonga, kabla jino la chonge halijashuka, ili lipate pa kupita. Hilo lililogeuka limesimama ukingoni mwa pengo; ukiling'oa, ule mfupa mwembamba uliolishika nao unapungua. Umepiga eksirei?

MamaBinti: Hapana. Miadi ni Ijumaa na nimeshamwahidi. Nyie hamumwoni anavyoziba mdomo kwa kiganja akicheka.

Kijiti: Mwanzo hakuna mdomo wazi, sasa hata miadi ipo. Hii chai, wakuu.

MamaBinti: Si chai. Nikitaja tu, watu wananiuliza nilimkosea nani nikiwa na mimba.

BibiSalama: Mwanangu, hata mimi niliulizwa, kwa kitindamimba wangu. Alivaa waya za meno mpaka nikazoea kumpondea chakula. Achana nao.

NuruNjema: Ijumaa nenda, ila omba picha, na akuandikie barua ya kwenda kwa madaktari wa mpasuko. Kajino huenda kakatolewa, wao ndio wapange lini.

MamaBinti: Picha nitaomba. La mbele nitaliacha kwanza. Hako ka nyuma bado nataka katoke.