Ana theluthi ya kampuni, mchango wake wote ni namba ya NIDA. Sasa anadai milioni 40!

Wakuu, kwema?

Nimechefukwa, kwa hiyo mnivumilie lugha. Tuna kampuni changa hapa Dar. Kwenye karatasi tuko watatu, kazini tuko wawili. Yule wa tatu ana hisa 100 kati ya 300, theluthi kamili, na ukiniuliza kaleta nini nakujibu bila kupepesa macho: namba yake ya NIDA. Mfumo wa BRELA, wasajili wa makampuni, uliitaka siku ya usajili, akaituma WhatsApp, akarudi zake kulala. Mpaka leo.

Sasa kapatikana mtu mwenye hela anayetaka kuingia. Kaangalia orodha ya wanahisa, kauliza, "Huyu wa tatu anafanya nini?" Tukabaki tunatazamana. Akasema malizaneni naye kwanza, mkishamalizana mnitafute. Haya, tukampigia bwana mkubwa. Yuko Dodoma, ana ajira yake ya kudumu, hatumwonei wivu. Jibu lake: "Hisa zangu nawauzia, milioni 40." Milioni arobaini! Mtu hajawahi kukanyaga Gerezani hata siku moja!

Nimetaja Gerezani, pale Kariakoo, kwa sababu ndiko kazi iliko. Biashara yetu ni spea. Fundi wa Tegeta au Mbagala anatuma namba ya chesisi, mfumo unamwambia duka gani Kariakoo lina kifaa chake na kwa bei gani, boda anapeleka. Ukiisikia ni rahisi. Kasheshe ni kwamba mwenye duka stoo yake yote iko kichwani, haiko kwenye kompyuta wala kwenye daftari. Toyota IST mbili zimesimama pamoja hujui ipi ni ipi, lakini NCP60 ina injini ya 2NZ, cc 1300, na NCP61 ina 1NZ, cc 1500. Ukikosea ukapeleka kifaa cha injini isiyo yake, fundi anakurudishia na matusi juu, na hela ya boda kwenda na kurudi ni yako. Dada ninayefanya naye kazi ndiye aliyesimama kwenye kaunta za watu akiambiwa "rudi kesho", "rudi Jumatatu", "bosi hayupo", mpaka wakamzoea wakaanza kumtumia picha za mzigo wenyewe kontena likifunguliwa. Hiyo ndiyo kampuni. Programu niliyoandika mimi, bila hao wenye maduka, ni kalkuleta tu.

Na nani alikuwa na cheo cha Mkurugenzi wa Masoko? Yeye! Kipo LinkedIn mpaka asubuhi hii, "mwanzilishi mwenza", na picha ya suti.

Mnajua alivyoingia? Kwa fomu. Tulikuwa tunaomba kuingia kwenye shindano la ubunifu, fomu ikataka timu ya watu watatu na kuendelea. Sisi tulikuwa wawili. Ikabidi atafutwe wa kujaza nafasi, mtu mmoja akasema "mchukueni fulani, tulisoma naye, anaongea Kiingereza kimenyooka, atawasilisha vizuri". Kawasilisha vizuri kweli, simnyimi haki yake. Tukapiga picha na hundi ya boksi. Baada ya hapo orodha ileile ya kwenye fomu ikabebwa kama ilivyo ikapelekwa BRELA, na hisa zikagawanywa sawasawa ili pasiwe na maneno. Nina hakika humu ndani mko wengi mliosajili hivyohivyo.

Waandaaji wa haya mashindano nao siwaachi. Wiki nzima mnawafundisha vijana kuongea mbele ya majaji kwa dakika tano. Hakuna hata nusu saa ya kuwaambia mmoja akipata kazi Dodoma hisa zake zinakwenda wapi. Mnataka idadi ya vichwa ili ripoti kwa mfadhili ipendeze, halafu wenye kubaki na vichwa hivyo ni sisi.

Na msije hapa na "kwa nini hamkuandikiana?" Niliisema siku ileile, kabla ya saini. Nilipendekeza mkataba wa wanahisa, hisa ziive taratibu kwa miaka 4: ukiondoka kabla ya miezi 12 hubebi kitu, ukivuka hapo unapata robo yako, zinazobaki zinaiva mwezi kwa mwezi. Ni utaratibu wa kawaida kabisa kwa kampuni changa huko Marekani. Nikajibiwa nini? "Unatuletea uzungu." "Kwani humwamini mwenzio?" "Sisi si ndugu?" Kura mbili kwa moja. BRELA wenyewe mkataba huo hawauulizi, wanachotaka ni MEMART, yaani katiba na kanuni za kampuni, na ya kwetu ilichapwa steshenari kwa kunakili ya watu wengine na kubadili jina.

Matokeo yake ndiyo haya. Kubadilisha kanuni za kampuni kunahitaji azimio maalumu, yaani robo tatu ya kura zinazopigwa mkutanoni. Sisi wawili kwa pamoja tuna asilimia 66 na ushee. Kwa hiyo mtu aliyelala Dodoma akiamka siku moja tu akapiga kura ya hapana, ametuzuia! Akaunti ya benki nayo inataka saini ya wote. Mwezi uliopita malipo ya maduka matatu yalikwama kwa sababu "niko kwenye kikao, nitumie kesho". Yule mzee wa duka la Mtaa wa Lindi hajui habari za kikao, anajua mzigo umetoka na hela haijaingia.

Wanaodhani ni mambo ya Bongo tu, someni. Snapchat walimtoa mwenzao Reggie Brown mwaka 2011, ugomvi ukaishia mwaka 2014 kwa malipo ya dola milioni 157.5. Wao walikuwa nazo. Sisi tuna nini?

Halafu kuna Ronald Wayne wa Apple, ambaye kila mtu anamcheka. Aprili 1976 alikuwa na asilimia 10, Jobs na Wozniak 45 kila mmoja. Siku 12 tu baadaye akaona madeni yanaweza kumfuata mpaka nyumbani, akajitoa kwa maandishi, akalipwa dola 800, na baadaye 1,500 nyingine ili asidai tena. Watu wanapiga hesabu za mabilioni aliyopoteza. Mimi namwona muungwana. Ameona safari si yake, ameshuka, ameacha kiti. Wa kwetu kashuka kituo cha kwanza na kiti kaondoka nacho.

Najua kuna wa kusema "fungueni kampuni nyingine". Mikataba na maduka ni ya kampuni, mfumo ni wa kampuni, na yeye ni mwanahisa na mkurugenzi. Tukihamisha kimyakimya tunampa kesi mkononi. Hata akikubali kuuza kwa bei ya kiungwana, TRA nao wanasubiri chao kwenye uhamishaji wa hisa.

Ukurugenzi tunamvua, hilo ni azimio la kawaida na kura tunazo, notisi imeshaandikwa. Ninachowauliza wanasheria wa humu ni hizo hisa: mmewahi kuona mwanahisa wa namna hii akikubali kutoka bila kwenda mahakamani, na mlimbanaje?

Ofa yetu iko mezani na anaijua. Hisa 100 kwa bei iliyoandikwa kwenye fomu, shilingi 1,000 kila moja, jumla laki moja taslimu. Nauli ya SGR ya kuja kusaini na kurudi Dodoma juu yetu.