Kivumbasi cha kulishia nyuki wadogo: mbegu hazioti, vichaka vya zamani havitoi maua

ShambaKame
Wakuu, naomba msaada. Nataka kuzungushia vivumbasi mizinga ya nyuki wasiouma ili wapate chakula kiangazi. Eneo ni Dodoma, udongo mwekundu wa kichanga, mvua Desemba hadi Aprili tu. Mbegu zilifukiwa kina cha sentimita 1 na wiki ya tatu hii hakuna iliyoota. Vichaka vya zamani navyo vimebaki vijiti, maua machache kileleni. Halafu, harufu ya kivumbasi inayofukuza mbu haitafukuza nyuki?

Kitalu_Kibichi
Mkuu, umezifukia mno. Mbegu ya kivumbasi ni ndogo sana na huota vizuri ikipata mwanga. Changanya mchanga, udongo wa juu na samadi iliyooza vizuri, kipimo sawasawa. Lowesha kwanza, ndipo unyunyize mbegu juu na kuzigandamiza kwa kiganja bila kuzifunika. Maji yapulizwe kama ukungu asubuhi na jioni, maana kopo la kumwagilia huzisomba zote pembeni. Zikiwa nzima, utaona miche kati ya siku 7 na 14.

Ila kwa mizinga ningechagua vipandikizi. Kivumbasi si sawa chote: kingine kinanuka karafuu, kingine kinakaribia harufu ya thaimu, na mbegu hazikuhakikishii utapata kile ulichokipenda. Kata tawi lisilo na maua, sentimita 10 hadi 15, toa majani ya chini, zika vifundo viwili, funika kwa mfuko wa plastiki kivulini. Wiki mbili hadi tatu mizizi imetoka. Usichukue tawi gumu la kahawia, hilo linaoza kabla ya kushika.

Na hakikisha si mrehani wa mboga. Ule ni wa msimu, ukishakomaza mbegu unakufa. Kivumbasi ni kichaka cha kudumu, shina lake la chini hugeuka mti.

MbochiNaChavua
Nyuki hawakimbii. Mafuta yenye harufu kali yamo zaidi kwenye majani, na wao wanafuata mbochi (maji matamu ya maua) na chavua kwenye maua. Kinachowasumbua ni moshi, kwa hiyo matawi ya kufukiza mbu yachomwe mbali na mizinga.

Kuhusu ukame, watu wengi huchanganya kuishi na kuchanua. Kivumbasi kilichoshika mizizi kitavuka kiangazi cha Dodoma bila maji, lakini kitapukutisha majani na mbochi itakauka. Ukitaka maua Agosti, kipe kila kichaka lita 10 mara moja kila wiki mbili, polepole, yazame. Kikombe cha maji kila siku huivuta mizizi juu, nayo ndiyo inayoungua. Weka matandazo ya nyasi kavu sentimita 5, yasiguse shina.

Panda mvua zikishashika vizuri, nafasi ya mita 1, jua kamili. Kwenye kivuli kinarefuka tu. Samadi mkono mmoja kwa shimo inatosha. Ukizidisha unapata majani mengi, maua haba.

Kitalu_Kibichi
Hivyo vijiti: pogoa theluthi moja mwanzoni mwa mvua, na kata juu ya sehemu yenye machipukizi. Ukishuka hadi kwenye mti mkavu usio na jani, mara nyingi hakirudi. Baada ya hapo, kila masuke yakianza kuwa kahawia, kata nusu ya vichaka na uache nusu, ili pasiwe na wiki isiyo na maua. Kichaka kilichozeeka kabisa king'oe, weka kipandikizi kipya.

Ukiking'oa angalia mizizi. Ikiwa na vinundu ni minyoo fundo, yaani minyoo midogo ya udongoni inayoshambulia mizizi. Usirudishe kivumbasi wala nyanya shimo lile lile.

ShambaKame
Nimewaelewa wakuu, shukrani. Masuke ya mbegu yakatwe lini?

MbochiNaChavua
Vikombe vya chini ya suke vikikauka, vya juu vikiwa bado kijani. Kausha kivulini ndani ya mfuko wa karatasi, fikicha, chekecha. Kila kikombe kina mbegu zisizozidi nne.