MREJESHO: Mama aliyekataa mionzi, tumemrudisha Marangu

Habari zenu wadau, mwezi wa pili niliuliza kama ni sahihi kumlazimisha mama (miaka 79, kansa ya koo la chakula) aendelee na mionzi wakati yeye anasema imetosha. Wengi mlinishauri nimsikilize, wengine mkaniita muuaji, sawa tu.

Tumemrudisha home. Kaka mkubwa alinuna wiki nzima, anasema watu watatuona tumeshindwa hela, mpaka mama mwenyewe akamwambia "mwanangu, unaogopa kufa kwangu au maneno ya jirani?" Hakujibu kitu.

Kilichotuokoa ni wale wa tiba shufaa (wanaopunguza maumivu na kumfariji mgonjwa asiyepona). Mimi nilidhani mofini, ile dawa ya maumivu makali, ni ya kumalizia mtu, kumbe ya maji anakunywa kila masaa manne, usiku kipimo cha mwisho wanaongeza kidogo ili alale, na lazima apewe na dawa ya kulainisha choo maana inafunga balaa. Hawa watu wangekuja mapema tungeokoa usiku mwingi wa kulia.

Sasa anakunywa mtori mwepesi tumeuchuja, anaugulia kwake. Jana katuburuza mpaka kihambani (shamba la ukoo hapo nyumbani) na fimbo yake atuonyeshe pa kumzika, karibu na baba, mdogo wangu akaonyesha pembeni kidogo mama akang'aka "hapo maji ya mvua yanapita, mnataka nilowe?" Tukacheka wote, mimi nikaenda kulilia jikoni.

Shangazi bado hatusalimii.