Roboti ya magurudumu mawili haichori mraba: nirekebishe nini kwanza na watoto wa miaka 10–12?

Mwalimu_wa_Mikono

Habari zenu wakuu. Nina watoto 12 wa miaka 10 hadi 12, watatu kwa kila roboti. Roboti ina bodi ya micro:bit (kompyuta ndogo ya kufundishia), mota mbili za njano zenye gia (1:48), magurudumu ya kipenyo cha mm 65 yaliyoachana mm 130, kiendesha mota cha L298N na betri nne za AA za kuchaji. Programu wanaandika kwa bloku, yaani vipande vya amri vya kuburuta kwenye skrini. Kazi yao ni kuchora mraba wa sm 50 kwenye karatasi kubwa sakafuni, kalamu ikiwa imefungwa kwenye roboti.

Amri ni: mbele sekunde 2, geuka sekunde 0.6, rudia mara 4. Mstari unapinda kushoto, kona zinatoka digrii 70 mpaka 110, na mraba uliokaribia kufunga mwanzoni mwa kipindi haufungi tena mwishoni. Wakati mwingine mota zinavuma tu bila kuzunguka. Watoto sasa wanabadilisha namba kwa kubahatisha mpaka itokee sawa, na hapo hisabati inapotea kabisa. Nianzie wapi?

---

WayaMwekundu

Anza na umeme, Mwalimu. Hesabu haisimami juu ya volti zinazoyumba.

L298N humeza takriban volti 2 kabla umeme haujafika kwenye mota. Betri nne za kuchaji zina volti 4.8, kwa hiyo mota zinabakiwa na kama 2.8, na betri zikichoka kidogo tu zinaanza kuvuma bila kuzunguka. Weka kiendesha kingine, DRV8833, upotevu wake ni mdogo sana na betri hizo hizo zitatosha. Ila ukiifunga, hakikisha pini ya SLP (kwenye moduli nyingine imeandikwa EEP) inapata umeme. Isipopata, kiendesha kinabaki kimelala hata programu iwe sahihi kiasi gani.

Bodi ipe betri zake, AAA mbili. Mota zinapoanza kuzunguka huvuta mkondo mkubwa kwa ghafla, volti zinashuka, na bodi inayotegemea betri zile zile inajizima na kuanza upya katikati ya mraba. Watoto hudhani programu yao ndiyo mbovu. Lakini hasi ya betri za mota na hasi ya bodi lazima ziunganishwe, la sivyo kiendesha hakiwezi kuzisoma ishara za bodi. Betri ya kipande cha volti 9 usiitumie kabisa: volti zake ni nyingi lakini haiwezi kutoa mkondo ambao mota mbili zinahitaji.

Angalia pia pini za bodi. P3, P4, P6, P7 na P10 zinatumika na taa ndogo za usoni mwa micro:bit. Mtoto akifunga mota hapo kisha akaonyesha picha ya tabasamu, gurudumu litashtuka lenyewe. Tumieni P8, P12, P13, P14, P15 na P16, au P0 hadi P2.

Na kalamu ikae katikati kabisa ya mhimili wa magurudumu. Ikisogea nyuma hata sm 2, kila kona itachora kitao badala ya ncha.

---

Mzingo_na_Pi

Nakubaliana na WayaMwekundu. Nyongeza yangu ni kuachana na sekunde. Kasi ya mota inategemea chaji ya betri, kwa hiyo sekunde 0.6 za mwanzo wa kipindi si digrii zile zile za mwishoni. Pimeni mzunguko wa gurudumu wenyewe: diski yenye matundu 20 kwenye mhimili wa kila mota, na sensa ya mwanga inayohesabu matundu yanayopita.

Kabla ya kuandika programu yoyote, watoto watie alama ya chaki kwenye tairi, waisukume roboti kwa mkono mizunguko 10 kamili, wapime umbali kwa utepe na kugawa kwa 10. Watapata karibu mm 204. Wagawe kwa 65, na 3.14 itatokea mikononi mwao. Kundi likipata 202, lisahihishwe tu kama limepima vibaya. Mpira wa tairi hubonyea chini ya uzito, na kwenye programu namba waliyoipima inafaa kuliko ya kitabuni.

Kinachofuata ni hesabu tupu. Mm 204 kwa matundu 20 ni mm 10.2 kwa kila tundu. Upande wa mm 500 ni matundu 49. Kugeuka papo hapo, gurudumu moja mbele na jingine nyuma, kila gurudumu linapita kwenye duara la kipenyo cha mm 130, ambacho ni mara mbili ya kipenyo cha gurudumu. Kwa hiyo duara zima ni mizunguko 2, yaani matundu 40, na digrii 90 ni matundu 10. Waache wagundue kwa nini vipenyo peke yake vinatosha na pi haihitajiki. Hapo usiharakishe, hata kipindi kizima kikiishia kwenye swali hilo.

Kupinda kushoto maana yake gurudumu la kulia linakimbia zaidi. Tuseme kwa nguvu 700 (micro:bit inatumia 0 hadi 1023) kulia kumehesabu matundu 98 na kushoto 92. Punguzeni kulia: 700 × 92 ÷ 98 = 657. Pimeni tena, maana kasi ya mota haiongezeki sawasawa na namba ya nguvu. Mara mbili tatu hutosha. Punguzeni ya kasi badala ya kuongeza ya polepole, kwani ya polepole inaweza kuwa tayari imefika kikomo.

Sheria moja ya darasa: hakuna kubonyeza kitufe kabla namba mnayotarajia haijaandikwa kwenye karatasi. Kubahatisha kutaisha kwenyewe.

---

Mwalimu_wa_Mikono

Ahsanteni sana. Kwa DRV8833 na diski za matundu 20 mraba unafunga vizuri. Pembetatu ndiyo inayokataa. Waliandika digrii 60 kwanza, na hata baada ya kuweka 120 bado inabaki wazi kwenye kona ya mwisho.

---

Pembe_Nje

Hayo ni makosa mawili tofauti, na yote yana utajiri.

La 60 ni la kawaida: mtoto anakumbuka pembe ya ndani, wakati roboti inageuka pembe ya nje, 180 − 60. Usimweleze. Mwambie atembee pembetatu sakafuni huku mwenzake akihesabu amegeuka kiasi gani mpaka anarudi kutazama alikoanzia. Jumla ni 360 daima, kwa hiyo 360 ÷ 3. Seymour Papert na wenzake walioanzisha lugha ya programu ya Logo mwaka 1967 waliwafundisha watoto hivyo hivyo, kujiweka mahali pa kasa anayechora, yaani roboti au alama ya skrini inayofuata amri zao.

La pili linatoka kwenye diski. Duara zima ni hatua 40 (tundu moja ni hatua moja), digrii 9 kila moja. Digrii 120 ni hatua 13 na theluthi, na theluthi ya tundu haipo. Roboti ikigeuka hatua 13, inapata digrii 117, na pengo ni digrii 9 baada ya kona tatu. Hakuna programu itakayoponya hilo. Waulize sasa: ni maumbo gani roboti yetu inaweza kufunga? Yale ambayo idadi ya pande zake inagawa 40 bila baki: 4, 5, 8, 10, 20, 40. Pande 3 na 6 hazimo. Ghafla vigawo vina kazi ya kufanya, na watoto wenyewe wataanza kudai diski nyingine.

Wape kazi ya kuitengeneza. Kata duara la karatasi ngumu la kipenyo cha mm 60, ligawe kwa kipimapembe vipande 30 vya digrii 12, paka kimoja cheusi kimoja cheupe, libandike upande wa ndani wa gurudumu na utumie sensa ya kuakisi, inayosoma mwanga unaorudi kutoka kwenye karatasi, badala ya ile ya matundu. Hesabuni kila rangi inapobadilika: mabadiliko 30 kwa mzunguko, 60 kwa duara zima la roboti, digrii 6 kila moja. Pande 3, 4, 5, 6, 10 na 12 zote zinafunga. Pande 8 zimepotea, kwa kuwa 60 ÷ 8 ina baki, na hilo walione wenyewe. Umbali nao umebadilika: 204 ÷ 30 ni mm 6.8 kwa kila hesabu.

Sensa iwe mm 2 hadi 3 kutoka kwenye karatasi. Ikiwa mbali zaidi inachanganya rangi mbili jirani, na hesabu zinaruka. Rangi nyeusi isiwe ya kung'aa, maana mng'ao unaakisi na sensa inaiona nyeupe. Kabla ya kuweka roboti sakafuni, zungusheni gurudumu kwa kidole mara moja huku bodi ikionyesha hesabu. Ikisoma 31 au 29, mzunguko wa kidole haukuwa kamili au sensa imeruka au imerudia hesabu; angalieni umbali wake na rangi.