Alama zimepanda, nafasi imeshuka: nifuate ipi?

NjiaPanda: Wadau, naombeni ushauri. Muhula uliopita nilikuwa wa 2 kwa wastani wa 66. Sasa nina 71 na nimekuwa wa 27. Usingizi sipati. Chuo kinaangalia alama au nafasi?

KalamuNyekundu: Wa 27 kati ya wangapi?

NjiaPanda: 34.

BibiMaadili: Mjukuu wangu, mnasomea kushindana siku hizi. Tafuta maarifa kwanza.

Mtakwimu: Inategemea unakoomba. Texas, Marekani, kwa sheria ya 1997, waliomaliza ndani ya asilimia 10 ya juu ya shule yao walihakikishiwa kupokelewa vyuo vikuu vya serikali. Huko nafasi ilibeba uzito mkubwa. Kwingine hutazamwa alama za kila somo.

ChakiNyeupe: Wa kwanza kapata ngapi, wa mwisho ngapi?

NjiaPanda: 79 na 65.

ChakiNyeupe: Watu 34 ndani ya alama 14? Uzi wa kutunga huu. Darasa la kawaida huachana mbali zaidi.

NjiaPanda: Sijatunga. Nilihamishiwa mkondo wa waliochaguliwa. Barua ya kurudi nilikotoka nimeshaandika, mzazi kasaini. Fomu ya ufadhili inauliza nafasi, wastani haiulizi, na kule nitakuwa wa 1 au wa 2.

Mtakwimu: Hilo ungeanza nalo! Darasa likibanana hivyo, alama moja hubeba watu watatu, wanne. Taja masomo.

NjiaPanda: Hisabati 58, Fizikia 74, Kemia 81.

Mtakwimu: Jumla 213. Ongeza 8 za Hisabati tu, wastani unafika 73.7, unakaribia katikati ya darasa. Tena hiyo 58 imejificha ndani ya wastani: kozi ikidai 60 ya Hisabati, hata wa 1 anaachwa. Chukua karatasi yako, pitia kila alama iliyopotea: hukujua, uliruka hatua, au muda uliisha? Aliyeishiwa muda hasaidiwi na kukariri kanuni.

KalamuNyekundu: Mikondo yote ilifanya mtihani mmoja? Kama hapana, 66 na 71 hazilinganishwi.

NjiaPanda: Mmoja, mikondo 5, watu 170. Lakini fomu inataka nafasi, ndugu yangu.

KalamuNyekundu: Basi omba shule ikuandikie nafasi ya jumla kwa mikondo yote. Ukiwa wa 30 kati ya 170, uko ndani ya asilimia 18 ya juu. Jaza hiyo, na mwalimu ataje mkondo wako kwenye barua ya utambulisho. Ya kuhama usiipeleke kabla hujaipata namba hiyo.