Ulinganisho: fundi wa mtaani, kampuni yenye leseni ya biashara, au mkandarasi aliyesajiliwa?

MwenyejiTabata:
Wakuu, habari za majukumu. Nina nyumba ya chini Tabata, Dar es Salaam, aliyoijenga marehemu mzee, na nataka kuikarabati kabla ya masika: kuondoa ukuta kati ya sebule na jiko, kubadilisha vigae, kutandaza upya nyaya za umeme, na kumwaga slabu juu ya baraza ili tuweke tangi la maji. Fundi aliyenijengea uzio anataka shilingi 3,800,000 za ufundi, vifaa ninunue mwenyewe. Kwa hesabu yangu nitafika kama milioni 12. Kampuni iliyonitumia nakala za cheti cha BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TIN (namba ya mlipakodi) na leseni ya biashara inataka 14,500,000 pamoja na vifaa. Mkandarasi anayesema amesajiliwa daraja la saba anataka 17,200,000. Hiyo milioni tano ya ziada inanunua nini, ukiacha karatasi?

NondoNaKokoto:
Mkuu, anza na hizo karatasi za kampuni ya pili, kwa sababu hapo ndipo wengi tunapopotea. Cheti cha BRELA kinasema kampuni ipo kisheria, na TIN inasema inajulikana kwa mtoza kodi. Hakuna hata kimoja kinachosema inaruhusiwa kushika kazi ya ujenzi. Ruhusa hiyo hutolewa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, yaani CRB, chini ya Sheria Na. 17 ya mwaka 1997, na usajili wake una aina (majengo, kazi za barabara na mfano wake, umeme, mitambo, kazi maalumu) pamoja na madaraja, ambapo la kwanza ndilo la juu na kila daraja la chini lina kikomo cha thamani ya kazi. Mtu anaweza kukuonyesha cheti halali kabisa cha umeme huku wewe ukimkabidhi slabu. Tena usajili hulipiwa kila mwaka, na Bodi huwafuta wasiolipa, kwa hiyo cheti kilichoning'inizwa ukutani tangu miaka kadhaa iliyopita hakitoshi. Mtafute kwa jina katika orodha ya Bodi.

MamaWawili_Kgb:
Naomba nimtetee fundi kidogo. Ukweli ni kwamba mkandarasi wa daraja la saba atakuja na mafundi walewale wa mtaani, na pengine huyo wako wa uzio ana mkono mzuri kuliko wao. Kwa vigae na rangi mimi sijawahi kutafuta mkandarasi, wala sitarajii. Kigae kikibanduka, utakibandika tena. Lakini ukuta na slabu ni habari nyingine: tangi la lita 2,000 likijaa lina uzito wa tani mbili za maji peke yake, na baraza la mzee halikujengwa kwa kubeba mzigo huo. Hapo unahitaji mhandisi aliyesajiliwa atazame msingi na nguzo kwanza, na halmashauri iulizwe kuhusu kibali, hata kabla ya kujadili bei ya nani.

BaharianiMsa:
Niko Mombasa. Kwetu Kenya, NCA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, husajili wanakandarasi kuanzia NCA 1 hadi NCA 8, na mafundi wenye ujuzi pia huidhinishwa mmoja mmoja, hivyo unaweza kumuuliza fundi kadi yake bila kuonekana unamdharau.

Msimamizi_Mstaafu:
Kuna jambo ambalo halijaguswa, nalo ni cheti cha kuazima. Shemeji yangu alionyeshwa usajili safi, akaukagua, akaukuta hai, kisha akasaini makubaliano na mtu mwingine kabisa na kutuma malipo ya awali kwenye simu ya mtu huyo. Ukuta ulipopata ufa juu ya mlango mpya, kampuni yenye cheti ilijibu, kwa haki kabisa, kwamba haimjui mtu huyo. Kwa hiyo, ndugu yangu wa Tabata, jina la kwenye cheti, jina la kwenye mkataba na jina la akaunti ya benki yawe moja, nawe uliza ni nani atakayesimama pale siku ya kumwaga zege. Jengo lililoanguka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 lilikuwa na wafanyabiashara ndani yake, na swali la kwanza kila mtu alilouliza ni nani aliyekuwa akifanya kazi ya ujenzi pale. Milioni tano yako inanunua jibu la swali hilo, mradi uhakikishe jibu lenyewe lipo.

NondoNaKokoto:
Naongezea: umeme una leseni yake, ambayo hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa madaraja. Usikubali uingizwe tu kwenye bei ya jumla.

MwenyejiTabata:
Nawashukuru sana. Nimerudi na matokeo: kampuni ya pili haimo kabisa katika orodha, na nilipowauliza, waliniambia usajili "uko njiani". Wa tatu yumo, aina ni majengo, na amelipia mwaka huu. Nimemwomba agawe makadirio yake ili ukuta, slabu na kazi ya mhandisi vibaki kwake, umeme aupate mwenye leseni, na vigae nimpe fundi wangu wa uzio. Amekubali, ila amesema hatagusa slabu mpaka mhandisi aone msingi, na ikibidi tangi litajengewa mnara wake pembeni ya nyumba. Mama hajapendezwa, kwa sababu pembeni ndipo ulipo mwembe wake.