Mjadala: Aliyeporwa ushindi na mtumia dawa za kuongeza nguvu, alipwe lini na nani?

Wadau wa riadha, kuna hoja inayorudiwa kila mshindi wa marathoni anapofungiwa kwa dawa hizo: kwamba waandaaji hawawezi kumlipa aliyekuwa wa pili mpaka mdanganyifu arudishe fedha. Mimi naipinga kabisa, na nianze na Irina Mikitenko wa Ujerumani.

Mama huyu alizaliwa Kazakhstan mwaka 1972, akaiwakilisha nchi hiyo kwenye Olimpiki ya Atlanta, kisha akahamia Ujerumani na kupata uraia. Uwanjani alikuwa hodari wa mita 5,000, wa tano Sydney 2000, lakini barabara ndiyo iliyompa jina. Marathoni ya kwanza aliikimbia Berlin 2007, akiwa na miaka 35 na watoto wawili, kocha wake ni mumewe. Mwaka uliofuata akashinda London, halafu Berlin kwa 2:19:19, rekodi mpya ya Ujerumani. Akaichukua London tena 2009. Wangapi huanza marathoni umri huo na kufika hapo?

Oktoba 2009, Chicago, Mrusi Liliya Shobukhova alimtangulia kwa kama nusu dakika. Mrusi huyo akachukua pia taji la mfululizo wa marathoni kubwa duniani la 2009–10, lenye dola 500,000, na la msimu uliofuata. Mwaka 2014 akafungiwa baada ya kumbukumbu za vipimo vyake vya damu kuonyesha kasoro, na matokeo yake tangu Oktoba 2009 yakafutwa. Taji la kwanza likahamia kwa Mikitenko, la pili kwa Edna Kiplagat wa Kenya. Mikitenko alikuwa amefika miaka 41.

Mshindi wa Chicago akikaa kujadili mkataba wa mbio inayofuata, ada ya kushiriki hupanda, na kampuni za viatu humtafuta zenyewe. Wa pili hapati hayo, na hakuna barua ya kumtangaza mshindi inayoweza kuyarudisha miaka mitano baadaye. Basi angalau fedha ya zawadi isicheleweshwe.

Wala tusijifiche nyuma ya Warusi. Boston 2014 alishinda Rita Jeptoo, Mkenya mwenzetu, na matokeo yake yakafutwa. Buzunesh Deba wa Ethiopia, aliyekuwa wa pili, alisubiri karibu miaka kumi, mpaka mfadhili mmoja Mmarekani akatoa dola 75,000 mfukoni mwake. Haki ya mwanariadha inategemeaje huruma ya mpita njia?

Mtasema waandaaji nao walitapeliwa. Kweli. Lakini siku ile walishauza haki za televisheni, wakapokea fedha za wadhamini na ada za maelfu ya washiriki. Deba hakuwa na makubaliano yoyote na Jeptoo. Alikimbia kwa ahadi ya waandaaji kwamba nafasi fulani ina malipo fulani. Ahadi hiyo inawadai wao.

Napendekeza kila mbio kubwa itenge mfuko, na nafasi zikibadilika alipwe mara moja anayestahili. Kisha waandaaji, wenye mawakili, wamfuate mdanganyifu mahakamani, kama London walivyomfuata Shobukhova. Mnaopinga, nijibuni hili: kwa nini deni la mdanganyifu limsubirishe mtu pekee ambaye hakukosea, na ambaye miguu yake inazeeka?